MSIMU WA PLUIJM SINGIDA: POINTI ZILIVUNWA, MTAJI HAUKUBAKI

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Wafanyabiashara wa Kanda ya Kati wamezoea kuhesabu misimu kwa mazao: alizeti, vitunguu, zabibu, mtama na kuku wa kienyeji. Mwaka 2017 uliongezeka msimu mwingine katika hesabu hiyo, nao ni ule wa Ligi Kuu ya soka. Singida United, timu ambayo mashabiki waliibatiza jina la Walima Alizeti, ilipanda daraja pamoja na Lipuli ya Iringa na Njombe Mji, na mara moja ikafanya jambo ambalo timu za mikoani hazijazoea kulifanya. Ilimwajiri kocha kutoka Uholanzi, Hans van der Pluijm.

Makala haya yanauangalia msimu huo wa 2017/18 kwa jicho la mwenye duka, mwenye nyumba ya kulala wageni na mwekezaji mdogo ambaye bado anajiuliza kama soka ni mahali pa kuweka senti zake. Swali hilo limerudi upya, kwa sababu Singida ina timu nyingine kubwa, na Dodoma nayo inayo ya kwake.

KOCHA MPYA NA DUKA JIPYA

Pluijm hakuwa mgeni nchini. Aliinoa Yanga kwa mara ya kwanza mwaka 2014, akarejea na kuipa ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo, 2014/15 na 2015/16, kisha akaifikisha hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2016. Alipompisha Mzambia George Lwandamina pale Jangwani, wengi walidhani angerudi Ghana alikokuwa amefanya kazi kwa miaka mingi. Badala yake alipanda gari kuelekea Singida, karibu kilometa 700 kutoka Dar es Salaam.

Pamoja naye walikuja wachezaji wa bei. Kutoka Rwanda aliletwa mshambuliaji Danny Usengimana na beki Michel Rusheshangoga. Kutoka Zimbabwe alikuja kiungo Tafadzwa Kutinyu pamoja na wenzake kadhaa. Beki Shafik Batambuze ni Mganda. Kwa upande wa wazalendo walisajiliwa watu wenye majina, akiwemo Deus Kaseke aliyetoka Yanga, na Mudathir Yahya akaazimwa kutoka Azam. Kwa lugha ya sokoni, duka lilifunguliwa likiwa limejaa bidhaa rafu zote.

Mwenye duka yeyote anajua swali linalofuata: bidhaa hizo zilinunuliwa kwa fedha za nani?

Fedha iliyojulikana wazi ilikuwa ya udhamini. Kampuni ya michezo ya kubahatisha ya SportPesa, iliyoingia nchini mwaka huo huo wa 2017, iliingia mkataba na klabu tatu. Yanga ilipata mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya Sh. bilioni 5.173, na Simba miaka mitano kwa Sh. bilioni 4.96. Singida United ilipata mkataba wa mwaka mmoja wa Sh. milioni 250. Zaidi ya hapo kulikuwa na walezi na wahisani, kama ilivyo desturi ya soka letu.

Msomaji ataona tofauti mbili hapo. Ya kwanza ni ukubwa wa fedha: kwa wastani wa mwaka mmoja, Singida ilipata kama robo ya kile walichopata wakubwa wa Dar es Salaam. Ya pili ni muda, na hii ndiyo yenye uzito zaidi kwa mtu wa biashara. Mwenye mkataba wa miaka mitano anaweza kukaa na kupanga. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja anafanya biashara ya gulio: leo yupo, wiki ijayo hajui kama eneo lake litakuwa lake.

DODOMA YAPATA WAGENI

Uwanja wa Namfua mjini Singida ulikuwa katika ukarabati ligi ilipoanza Agosti 2017. Hivyo timu ikahamishia michezo yake ya nyumbani katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, umbali wa takriban kilometa 240. Kwa wafanyabiashara wa Dodoma hiyo ilikuwa neema isiyotarajiwa. Serikali ilikuwa imetangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, wafanyakazi walikuwa wanaanza kumiminika, na watu hao walihitaji mahali pa kwenda mwisho wa wiki. Ligi Kuu ikawafikia mlangoni.

Mchezo wa ligi unaleta wateja wa aina tatu. Kuna timu mgeni na msafara wake, ambao hulala hotelini kwa usiku mmoja au miwili. Kuna mashabiki wanaosafiri, hasa wa Simba na Yanga, ambao hujaza mabasi, nyumba za wageni na vibanda vya chakula. Na kuna wenyeji, ambao hununua tiketi, maji, karanga, mishikaki na nauli ya bodaboda. Fedha hiyo haipiti katika vitabu vya klabu. Inaingia moja kwa moja katika mikono ya mama lishe na mwenye gesti, na ndiyo maana mji unaweza kufaidi timu hata pale timu yenyewe inapopata hasara.

Lakini neema ya kuazima hairudi mara mbili. Tarehe 4 Novemba 2017 Singida United ilirudi nyumbani Namfua kwa kuikaribisha Yanga, na mchezo ukamalizika kwa suluhu ya bila kufungana. Kuanzia siku hiyo biashara ya siku ya mechi ikahamia Singida, na Dodoma ikabaki ikitazama ligi kwenye televisheni.

MAVUNO YA UWANJANI

Kwa upande wa kandanda, mtu hawezi kuilaumu timu ile. Ilianza kwa kufungwa na Mwadui mabao 2-1 huko Shinyanga, kisha ikasimama imara. Timu ilicheza kwa nidhamu na ilikuwa ngumu kufungika katika uwanja wake. Walioiadhibu vikali ni Simba, walioishindilia mabao 4-0 jijini Dar es Salaam Januari 2018. Simba hao hao, wakiwa tayari wametawazwa mabingwa, walishinda bao 1-0 pale Namfua mwezi Mei.

Mwisho wa hesabu, Singida United ilishika nafasi ya tano katika ligi ya timu 16, nyuma ya Simba, Azam, Yanga na Prisons ya Mbeya. Kwa timu iliyopanda daraja mwaka huo huo, hayo ni mavuno ya kujivunia.

Utamu zaidi ulikuwa katika Kombe la Shirikisho la TFF. Tarehe 1 Aprili 2018 Yanga walirudi Namfua katika robo fainali. Dakika 90 zilimalizika kwa sare ya 1-1, na Singida United ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Katika nusu fainali iliitoa JKT Tanzania, na tarehe 2 Juni 2018 ikaingia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, kupambana na Mtibwa Sugar katika fainali. Mtibwa walishinda mabao 3-2.

Bao moja hilo lilikuwa na bei kubwa. Bingwa wa kombe hupata tiketi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika, na tiketi hiyo inafungua milango: jina la klabu linasikika nje, wachezaji wanaonekana na wanunuzi, na mdhamini anapata sababu ya kuongeza mkataba. Mtibwa ndio waliokwenda. Singida United ilirudi nyumbani na sifa, na sifa hailipi mishahara ya mwezi wa Julai.

HESABU YA MEZANI

Tuache uwanja kidogo tukae na kalamu. Mfano ufuatao ni wa makadirio tu, si vitabu vya klabu yoyote, lakini unamsaidia msomaji kuona uzito wa mzigo.

Chukua timu yenye wachezaji 25, na kila mmoja apewe wastani wa Sh. milioni moja kwa mwezi. Hiyo ni Sh. milioni 25 kwa mwezi, au Sh. milioni 300 kwa mwaka. Tayari umeipita Sh. milioni 250 ya udhamini, na bado hujamlipa kocha wa kigeni, msaidizi wake, daktari, dereva na mtunza vifaa. Hujalipa ada za usajili wala nyumba za wachezaji wageni. Hujajaza mafuta ya basi la kwenda Mbeya, Bukoba, Mtwara na Dar es Salaam, kwa michezo 15 ya ugenini.

Sasa tazama mlangoni. Tuseme watu 4,000 wamelipa Sh. 3,000 kila mmoja. Hiyo ni Sh. milioni 12. Ukiondoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iliyomo ndani ya bei, inabaki kama Sh. milioni 10.17. Hapo bado hujagusa gharama za mchezo, uwanja, ulinzi na migawo ya vyama vya soka. Hata kama kila mchezo wa nyumbani ungejaza watu hao hao, michezo 15 ingetoa Sh. milioni 152 na ushei kabla ya makato hayo. Kila anayefahamu soka letu anajua kuwa haiwi hivyo. Mlango hujaa Simba na Yanga wakija, na siku nyingine zote mkaa tiketi anasinzia.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa michezo hawalitazami, ila wafanyabiashara wa mazao wanalijua vizuri. Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Alizeti huvunwa na kuuzwa kuanzia Mei na Juni kuendelea. Ligi Kuu nayo huanza Agosti na hufikia kilele chake kati ya Januari na Aprili. Maana yake ni kwamba timu inapohitaji watu walipe mlangoni, mkulima yuko shambani na mfuko wake umekauka. Mkulima anaposhika fedha ya alizeti, ligi iko likizo. Klabu ya mji wa bandari au wa viwanda haina tatizo hilo kwa kiasi hicho. Klabu ya nyanda za kati inalo, na haiwezi kulimaliza kwa kumfukuza kocha au kumleta mwingine. Inahitaji akiba, na akiba haijengwi kwa mkataba wa mwaka mmoja.

GHALA LATUPU

Kilichofuata baada ya Juni 2018 kilikwenda haraka. Pluijm alihamia Azam kwa msimu wa 2018/19. Kutinyu naye alikwenda Azam, na Mudathir, aliyekuwa wa kuazima, alirudi kwa wenyewe huko huko. Kaseke alirudi Yanga. Usengimana alikuwa ameshaondoka katikati ya msimu kwenda Misri.

Singida United ilinusurika msimu uliofuata. Lakini Machi 2020 ilifungwa na Simba mabao 8-0 jijini Dar es Salaam, na mwisho wa msimu huo wa 2019/20 ikashuka daraja. Ilipita miaka miwili tu tangu ile fainali ya Arusha.

Wapo waliosema kocha ndiye aliyeondoka na bahati. Hesabu inasema vingine. Kocha na wachezaji walikuwa gharama ya kila mwezi, na gharama ya mwezi ikisimama, huduma nayo husimama. Klabu haikuwa na uwanja wake, kwa sababu Namfua si mali yake. Tegemeo lake kubwa lilikuwa udhamini unaohitaji kufungwa upya kila mwaka, na sehemu ya nguvu yake uwanjani ilikuwa ya kuazima. Mfanyabiashara anayepanga chumba, anayechukua mali kwa mkopo na kuuza bila kuweka akiba anaweza kupata mwaka mmoja mzuri sana, na watu wakamsifu mtaani. Mwaka wa pili ndio unaomuumbua.

MFANO WA PARMA

Jambo hili halikuanzia Singida. Parma ni mji wa wastani kaskazini mwa Italia, unaojulikana zaidi kwa jibini na nyama kuliko kwa soka. Mwaka 1989 klabu ya mji huo ilimchukua kocha mpya, Nevio Scala, na mwaka 1990 ikapanda Serie A kwa mara ya kwanza. Nyuma yake ilisimama Parmalat, kampuni ya maziwa ya pale pale, iliyokuwa mdhamini na baadaye mmiliki. Ikatwaa Kombe la Italia mwaka 1992, Kombe la Washindi Ulaya mwaka 1993 na Kombe la UEFA mwaka 1995. Dunia nzima ikaujua mji ule.

Desemba 2003 ikabainika kuwa vitabu vya Parmalat vilikuwa vya uongo na kwamba kulikuwa na shimo la takriban euro bilioni 14. Wawekezaji wengi wadogo waliokuwa wamenunua hati za dhamana za kampuni hiyo waliumia. Klabu iliyumba, ikauzwa zaidi ya mara moja, na mwaka 2015 ikatangazwa kufilisika na kuanza upya Serie D, daraja la nne.

Parma ilidumu zaidi ya miaka kumi kabla ya nguzo kuanguka, na Singida United ilidumu mwaka mmoja. Ukubwa unatofautiana kama ng'ombe na kuku, lakini nyumba zote mbili zilisimama juu ya nguzo ya mtu mwingine.

TIMU MPYA, MASWALI YALE YALE

Singida haikukaa bila timu. Mwaka 2022 DTB ilipanda Ligi Kuu na kubadilishwa jina kuwa Singida Big Stars, na kocha wake akawa Pluijm yule yule. Ilishika nafasi ya nne msimu wa 2022/23, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika kwa jina la Singida Fountain Gate, kisha ikahamia Manyara kwa jina la Fountain Gate. Nafasi yake Singida ikachukuliwa na Ihefu, iliyotoka Mbeya na kuwa Singida Black Stars mwaka 2024. Mfanyabiashara aliyechapisha fulana za timu katika kipindi hicho alilazimika kubadilisha maandishi mara kadhaa, na fulana za jina la zamani hazina mnunuzi.

Hata hivyo kuna dalili za kujifunza. Machi 2025 Singida Black Stars ilizindua uwanja wake, uliopewa jina la kampuni ya simu ya Airtel, kwa mchezo wa kirafiki dhidi ya Yanga. Juni mwaka huo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF na kufungwa na Yanga. Kwa msimu wa 2025/26 ikamchukua Miguel Gamondi, Muargentina aliyeipa Yanga ubingwa wa 2023/24, na Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan. Kocha huyo alianza kwa kombe, kama ambavyo Pluijm alianza kwa sifa. Tofauti ya maana kwa mwekezaji ni ule uwanja. Kocha huondoka na begi lake, lakini uwanja hubaki mahali pake na unaweza kukodishwa.

Dodoma imepita njia nyingine. Mwaka 2020, mwaka ule ule Singida United iliposhuka, Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu ikiwa chini ya halmashauri ya jiji. Timu ya halmashauri haina kishindo cha usajili, lakini mwenye mali yake hafungashi virago. Hatari yake iko katika bajeti ya umma: darasa, zahanati na barabara vinagombea shilingi hiyo hiyo. Kwa upande wa ligi yenyewe, mkataba wa miaka kumi wa haki za matangazo uliosainiwa na Azam Media mwaka 2021 kwa Sh. bilioni 225.6 umezipa klabu zote chanzo cha fedha ambacho Singida United ya 2017 haikukipata kwa kiwango hicho.

KABLA YA KUTOA SHILINGI

Kwa mfanyabiashara wa Kanda ya Kati anayefuatwa leo na timu ikitaka mchele, mafuta, vyumba au jezi kwa mkopo, maswali ni machache. Mkataba wa mdhamini unaisha lini? Kama unaisha Mei, usikubali kulipwa Juni. Je, klabu inamiliki kitu kinachoshikika, au vyote ni vya kupanga na kuazima? Nani anasaini hati ya deni, klabu iliyosajiliwa au mtu mmoja kwa simu? Na jina lililo kwenye hati litakuwepo mwakani?

Anayejenga nyumba ya wageni karibu na uwanja naye apige hesabu yake kwa wateja wa kawaida: madereva wa malori ya njia ya Mwanza, wanunuzi wa alizeti na watumishi walio safarini. Siku za Simba na Yanga azihesabu kama nyongeza, kwa sababu katika msimu mzima kila mmoja wao hufika mara moja tu kwa ligi, na gesti ina vitanda vya kujaza mwaka mzima.